Mambo ya Nyumbani: Mzee Asiposikia

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za masikio, kwa kuwa katika nyumba nyingi huleta ugomvi, wala hakuna atambuaye kwamba chanzo chake ni sikio.

Mtu apotezaye kusikia kwa ajili ya uzee haingii katika kimya mara moja. Sauti nene huzisikia bado: ngurumo, ngoma, lori lipitalo njiani. Zimpoteazo kwanza ni zile nyembamba, na katika maneno yetu nyembamba ni hizi za s, f na sh, zitokazo kwa pumzi tu. Basi mkaza mwana asema, "Baba, mgeni amefika", mzee asikia "ameshika," naye auliza, "Ameshika nini?" Watoto wacheka, mzee akasirika. Ndiyo maana husema, "Mimi si kiziwi, ninyi mnanong'ona." Wala hasemi uongo: sauti yamfikia, maneno hayamfikii. Tena sauti za wanawake na watoto ni nyembamba kuliko za wanaume. Kwa hiyo mzee huelewana na jirani yake asielewane na mkewe, na mke hudhani amedharauliwa.

Ndani kabisa ya sikio mna kitu kilichoviringana mfano wa konokono, na humo mna vinyweleo vidogo mno vipokeavyo mtikiso wa sauti. Vikifa, havioti tena. Huuawa na uzee, na kelele za muda mrefu, na homa ya uti wa mgongo, tena na dawa nyingine, kama sindano za streptomaisini zilizotibu kifua kikuu cha watu wengi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba watu zaidi ya milioni 430 wahitaji msaada kwa ajili ya masikio yao. Basi asiwepo adhaniye kwamba amerogwa.

Lakini huenda ni nta tu iliyoziba, au usaha wa siku nyingi, na hayo yana matibabu. Kwa hiyo kwanza hospitali. Wala msitie njiti, wala mafuta ya moto, wala unyoya wa kuku.

Akiisha kupimwa na kuonekana kwamba vinyweleo vimekufa, mganga aweza kumshauri avae kifaa cha kusikia, ambacho wengi Tanzania hukiita shime sikio. Kinanasa sauti, kinaikuza, kinaipeleka sikioni. Na vile vya siku hizi hupangwa vikuze zaidi sauti zile alizozipoteza mwenyewe. Hapo ndipo wazee wengi hukataa, kwa haya. Mwalimu avaapo miwani hakuna amchekaye. Sijui kwa nini sikio lionewe aibu. Beethoven, mtunga muziki mkuu wa Ujerumani, alianza kupoteza kusikia kabla hajatimiza miaka 30. Mwaka 1801 alimwandikia rafiki yake kwamba kwa muda wa karibu miaka 2 amekuwa akiepuka mikutano ya watu, kwa kuwa hawezi kuwaambia kwamba hasikii. Fikirini, miaka 2 ya kujificha! Baadaye alitumia pembe za madini za kusikilizia, na wageni wake wakamwandikia maneno yao katika daftari.

Na mzee akikubali, msitazamie ajabu siku ya kwanza. Kijiko kikigonga sahani atashtuka; sauti yake mwenyewe itamwia ngeni; hata karatasi itapiga kelele. Ubongo umesahau vitu hivi, nao wahitaji majuma kadhaa kuvizoea tena. Wengi huchoka wakakifungia kifaa sandukuni, na fedha zikapotea bure. Aanze kwa saa chache ndani ya nyumba iliyotulia, akizungumza na mtu mmoja; baraza na arusi zije mwisho. Kikimwumiza au kikipiga mluzi, arudi kwa aliyempimia akitengeneze.

Nanyi wa nyumbani mna kazi yenu. Mwiteni jina kwanza, simameni mbele yake penye mwanga, msiseme mkiwa mmempa kisogo. Msipige makelele, maana makelele huharibu neno. Asiposikia "amefika," semeni "amekuja." Na neno linalomwumiza kuliko yote ni lile la "Basi, si kitu": amewaona mkicheka, ameuliza kwa nini, nanyi mmemfungia mlango. Mwambieni, hata kama kichekesho chenyewe kilikuwa kidogo.

Usiku akivue, akifute kwa kitambaa kikavu, asioge nacho. Betri zake ni ndogo kama kifungo cha shati, na watoto hupenda kuzitia kinywani. Ziwekwe juu, mahali pasipofikiwa. Na mtoto akimeza moja, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama halii, kwa kuwa betri za namna hii zaweza kuunguza koo.