Mutangazaji wa ngumi haiko mupiga makelele

Siku ya posho usiku, mu cité zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na hata ku makambi ya kando ya mugodi, kama kuko pigano kubwa ya ngumi watu wanajua ni ku nyumba gani watakutana. Mwenye televizyo anatosha viti, watoto wanakaa chini, wababa wenye walitoka mu poste ya muchana wanafika bado na vumbi ku viatu. Kama umeme haukatike, ni furaha. Kisha kengele inalia, na mutangazaji anaanza makelele. Ngumi ikigusa glavu, makelele. Ngumi ikipita mu hewa, makelele. Kufika raundi ya ine, mutu mumoja anasema: "Mupunguze sauti, tuangalie sisi wenyewe."

Tunaona kama ile maneno njo hukumu ya watu. Mutangazaji mwenye watu wanamupunguzia sauti amepoteza kazi yake, hata kama mushahara unaingia. Na sisi tunataka leo kusema kwa upole, lakini wazi, mambo gani tunangojea kwake. Watu wamoja watasema ni jambo dogo. Haiko dogo. Mwisho wa hii habari mutaona juu ya nini.

Ya kwanza: ku radio, mutangazaji alikuwa macho yetu. Ilifaa aseme kila kitu: nani anatembea, nani anapiga, mukono gani. Ku televizyo, macho tuko nayo. Haifae atuambie "amepiga" wakati tumeona amepiga. Inafaa atuambie ile yenye macho ya mutu asiyezoea ngumi hayaone.

Tukumbuke tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, ku Stade du 20 Mai, yenye leo inaitwa Tata Raphaël. Ilikuwa saa kumi ya usiku kule Kinshasa, ni kusema saa kumi na moja huku kwetu Shaba, juu walitaka pigano ionekane ku Marekani wakati watu wa kule hawajalala. George Foreman alikuwa na miaka 25. Mapigano 40, hakupoteza hata moja, na 37 alimaliza kwa kuangusha mutu. Joe Frazier na Ken Norton, wanaume wakubwa, kila mumoja alimumaliza mu raundi mbili tu. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Kuanza raundi ya pili Ali alienda kuegemea kamba, glavu ku uso, viwiko ku mbavu, akaacha Foreman apige. Mwenye kuangalia na macho tu alisema: huyu anakufa leo. Hata Angelo Dundee, mwalimu wake mwenyewe, alikuwa anamulalamikia atoke ku kamba.

Kumbe kazi ingine ilikuwa inafanyika pale. Ngumi mingi za Foreman zilikuwa zinaangukia ku mikono na ku viwiko. Raundi kwa raundi zilikuwa zinapunguka mbio na uzito. Joto ilikuwa kali, Foreman alikuwa anapumua na kinywa wazi, na Ali alikuwa anamusemesha mu sikio. Mu raundi ya munane Ali akatoka ku kamba, ngumi za mbio, ya mwisho mukono wa kuume. Foreman akaanguka, refa Zack Clayton akahesabu, ikaisha.

Mutangazaji muzuri ni yule mwenye, mu raundi ya tano, mbele mutu hajaanguka, anakuambia: "Musiangalie paka Ali mwenye kupokea. Muangalie miguu ya Foreman." Wafundi wetu wa chini ya udongo wataelewa bila shida. Muzee mwenye miaka makumi mbili mu kazi anasikia jiwe mbele halijaanguka. Mupya anasikia paka wakati limeanguka. Kutangaza kisha kila mutu ameona, ile hata mutoto anaweza.

Ule usiku, kando ya ringi, mu kundi ya watangazaji wa televizyo, pamoja na Bob Sheridan, walikalisha Joe Frazier. Mutu mwenye alipigana na Ali, tena mwenye Foreman alimuangusha mara sita mu raundi mbili, mu Januari 1973. Mutu kama yule akisema "hii ngumi inauma", anajua anasema nini. Njo sababu tunaomba wakubwa wa televizyo zetu: kando ya mwandishi mwenye Kifaransa ya muzuri, mukalishe mupiganaji wa zamani. Wako wengi mu cité zetu, wanafundisha vijana mu parcelle bila franka. Mumoja aseme majina, tarehe na sheria. Mwingine aseme mwili unasikia nini.

Ya pili: mutangazaji ajue hesabu, na atufundishe. Wengi kati yetu wanafikiri mwenye kwenda mbele njo mwenye kushinda. Haiko vile. Kuko waamuzi watatu. Kila raundi, mwenye kuishinda anapata 10, mwingine 9. Akiangushwa, mara mingi anapata 8. Wanaangalia ngumi zenye kuingia safi, mashambulio yenye matunda, nani anaongoza pigano, na kujikinga. Mutu anaweza kufuata mwenzake raundi yote, anapiga hewa tu, na anapoteza. Mutangazaji akiwa na hesabu yake ku karatasi na akitusomea kisha kila raundi, hata kama haifanane na ya waamuzi, tunajua tunasimama wapi. Lakini akilalamika raundi kumi na mbili kama mutu wetu "anamumaliza", kisha waamuzi wanainua mukono wa mwingine, watu wanasema: "Wametuiba!" Vijana wenye waliweka pari na franka ya unga wanataka kupigana mu njia. Hatusemi waamuzi hawakose. Wanakosa. Lakini mara ingine mwenye alitudanganya haiko mwamuzi, ni ile sauti ya televizyo.

Na hapa tunagusa wapiganaji wetu. Tarehe 31 Januari 2020, Ilunga Makabu, mutoto wa Kananga, alishinda Michał Cieślak pale Kinshasa na akapata mukaba wa WBC. Tulifurahi wote, na mutangazaji alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kupenda mutu haiko kumudanganyia watu wake. Mudogo wake, Martin Bakole, mu Agosti 2024 alisimamisha Jared Anderson mu raundi ya tano kule Los Angeles. Mu Februari 2025 walimuita karibu siku mbili tu mbele ya pigano, Riyadh, achukue nafasi ya Daniel Dubois mwenye alikuwa mugonjwa. Alipanda ku ringi na kilo 140 na zaidi, na Joseph Parker akamumaliza mu raundi ya pili. Pale njo tunajua mutangazaji. Mubaya, jana alikuwa anasema "simba", leo anasema "muvivu, anakula sana". Muzuri anasema ukweli wote: mutu ameitwa siku mbili, hakupata wakati wa kujitayarisha, amesafiri mbali, uzito uko juu, na ku ngumi haiko hivi mutu anashinda. Ukweli bila matusi.

Ya tatu njo yenye ilitufanya tuandike. Tarehe 25 Februari 1995, London, Nigel Benn alipigana na Gerald McClellan. Ilikuwa pigano kali sana. Raundi ya kwanza Benn alitoka inje ya kamba, akarudia, akapigana. Raundi kwa raundi, McClellan alianza kufunga na kufungua macho mbio mbio, na kinywa wazi, sawa mutu mwenye mwangaza unamusumbua. Mu raundi ya kumi alipiga goti chini, akasimama, akapiga goti tena, akaacha refa ahesabu mpaka mwisho. Wengi wenye walikuwa wanaangalia walisema: ameacha, amekata tamaa, hana moyo. Kisha dakika kidogo akaanguka ku kona yake. Damu ilikuwa inatoka ndani ya kichwa. Walimupasua ule usiku, akapona kifo, lakini alipoteza macho, na mwili wake haukurudia hata siku moja vile ulikuwa.

Ile goti haikuwa woga. Ilikuwa mwili wenye kuita musaada. Ile macho ilikuwa inaonekana ku televizyo, raundi nzima, mbele ya watu milioni.

Juu ya ile, mutangazaji wa ngumi iko na kazi moja kubwa kupita zote: akiona mutu anapepesuka, anapepesa macho, anashika kichwa, aseme. Aseme "muganga aangalie huyu mutu". Aseme mara mbili. Atufundishe, sisi wa nyumbani, alama za mutu mwenye kuumia mu bongo. Na asiite mutu mwoga kama hajui ndani ya kile kichwa kuko nini. Ngumi inaua. Mu Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea ya Kusini alikufa kisha kupigana na Ray Mancini kule Las Vegas, pigano yenye ilisimamishwa mu raundi ya 14. Ni kisha kile kifo WBC ilipunguza raundi za mukaba toka 15 mpaka 12. Damu ya mutu njo ilibadilisha sheria.

Wasomaji wetu wa migodi, hamuna lazima ya kueleweshwa zaidi. Munajua mutu mwenye anapanda toka mu shimo, anashika kichwa, anasema "nasikia kizunguzungu", na kapita anamujibu: "Muvivu, rudi chini." Munajua wenye walirudia chini. Kuko wamama mu kambi wenye wanajua sana kutupita. Mutoto mwenye anakua ku televizyo yenye kuita mutu wa kuumia "mwoga", kesho akiwa kapita atasema vile na yeye. Na mutoto mwenye alisikia sauti ingine, sauti yenye kusema "musimamishe, huyu ameumia, ameonyesha uanaume ya kutosha", ile pia atakumbuka.

Inabaki jambo moja: kunyamaza. Wakati wa kona, mwalimu anasemesha mupiganaji wake kwa dakika moja; mutangazaji anyamaze, tusikie. Wakati mutu iko chini na refa anahesabu, anyamaze. Wakati wamama wa ukumbi wanaimba, anyamaze. Na akisema, aseme na Kiswahili chetu, hiki chenye tunasema mu poste na ku soko, pasipo kuona haya. Kifaransa iko na nafasi yake, lakini babu na shangazi, wenye walilipa ile televizyo, na wao wanataka kujua raundi ni ya nani.

Tunajua vijana wa televizyo zetu wanatumika na vyombo kidogo, mara ingine wanaona pigano ku kioo sawa sisi, hawako kando ya ringi. Hatuwacheke. Tunawaomba tu: muone mbele yetu, muhesabu wazi, musitukane mwenye kuanguka. Mukifanya vile, siku ya posho ijayo hakuna mutu ataomba sauti ipunguzwe.