Masomo ya bure yanaomba mtunzaji



Tangu Septemba 2019, wakati elimu ya msingi ilianza kuwa bure katika shule za Leta na zile za makanisa zenye kufanya mapatano nayo, kalasi nyingi zilijaa. Watoto waliongezeka, lakini vitabu havikuongezeka sawasawa nao. Mwalimu anasimama mbele ya watoto wengi, na kitabu mkononi ni kimoja, tena cha zamani. Nani atamsaidia?

Kuna msaada wenye walimu wengi hawajaujua: masomo ya kuwafundisha walimu wenyewe, yenye kupatikana bure katika intaneti. Chukua mfano wa kazi yenye kuitwa TESSA. Ilianza mwaka 2005, ikiongozwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vikuu vya Afrika. Masomo yake yako katika Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanamwonyesha mwalimu wa shule ya msingi namna ya kufundisha kusoma, hesabu, sayansi na mambo ya maisha. Ndani yake kuna mifano ya walimu wengine na kazi za kufanya pamoja na watoto.

Na ruhusa yake iko wazi. Unaweza kuyachapisha, kuyagawa, kuyatafsiri, hata kuyabadili. Inaomba tu utaje wenye waliandika, useme kile umebadili, na uwaachie wengine kazi yako kwa ruhusa ileile. Basi mwalimu wa Kolwezi au Likasi anaweza kuondoa mfano wa mbali na kuweka hesabu ya gunia la makala lenye mama anagawanya kwa vipimo sokoni. Mtoto ataelewa mara moja.

Lakini sikiliza vizuri. Wewe mtu wa migodi unajua: pompi ikisimama, maji yanapanda ndani ya shimo. Hakuna mtu aliyeyaleta, yanakuja yenyewe. Ni vile kwa masomo haya. Mwalimu mwenye kle USB anahamishwa, anaondoka nayo. Virusi inaingia, kila kitu kinapotea. Mmoja anasahihisha kosa katika somo, mwenzake anaendelea kufundisha na lile la zamani. Kiisha mwaka mmoja, shule inarudi pale ilikuwa.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, walimu wachague watunzaji wawili, si mmoja. Nakala moja ikae katika biro ya direkteri, ingine katika nyumba ya mtunzaji wa pili.

Pili, mtu mmoja atumie inite zake kuchukua masomo, na wengine wamrudishie sehemu yao. Yakiisha kuingia katika simu moja, yanapita kwa ingine kwa Bluetooth au kadi ya memori, bila kulipa tena.

Tatu, wawe na kitabu cha kuandika: somo gani, limetoka wapi, limechukuliwa tarehe gani, nani alisahihisha nini. Somo la zamani liondolewe, lisije likachanganya watu.

Ine, kila mwisho wa miezi mitatu wafungue masomo yote, moja moja. Lenye kukataa kufunguka lichukuliwe tena kwenye ile nakala ya pili. Lenye kupingana na programu ya inchi liandikwe upya.

Na ninyi wazazi wa komite, msiseme hii ni kazi ya walimu peke yao. Kama ni bure kuchukua, kutunza kunaomba saa na feza kidogo. Katika mkutano wenu wa kwanza, muulize direkteri: kle iko wapi, na nani anaitunza? Kama hakuna jibu, mununue moja, na muandike majina mawili siku ileile.