Tunalisha Taifa, Watoto Wetu Wanadumaa

Nimerudi Njombe juzi kutoka Dodoma, makao makuu ya nchi. Nilikwenda kikazi. Majengo ya wizara kule Mtumba yanapendeza, hilo siwanyimi. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu basi lilipovuka Mtera, na leo nalitema.

Dodoma ni kukavu, mvua yao ni ya kubahatisha. Sisi huku tuna mvua, mahindi, maharage, viazi, maziwa, na parachichi tunazosafirisha hadi Ulaya. Simama Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Zambia, uone malori yanavyoondoka na mazao yetu.

Sasa nijibuni. Kwa nini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30? Iringa, tuliyokuwa mkoa mmoja nayo hadi 2012, ilituzidi. Rukwa nao hawakuwa mbali. Yaani mikoa inayosifiwa kulisha taifa ndiyo inayoongoza kwa udumavu! Na udumavu si ufupi wa kutaniana vijiweni. Ubongo wa mtoto nao unaumia, na siku 1,000 za mwanzo zikishapita, kurekebisha ni kazi ngumu.

Wakubwa wana jibu tayari: eti wazazi hawana elimu ya lishe. Jamani! Mama anaingia shambani alfajiri, anatoka jioni, na mara nyingi shamba lenyewe si lake, ni kibarua. Mtoto kaachwa na dada yake wa miaka minane na kiporo cha ugali. Mayai na maziwa yameuzwa ipatikane hela ya mbolea. Huyo mama ukimwekea semina ya makundi ya vyakula, atayapika lini, na kwa hela ipi? Semina haimpi muda wala fedha.

Mwaka 2022, pale pale Dodoma, wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia. Na agizo kwa halmashauri lilikuwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Elfu moja, wadau, kwa mwaka mzima! Trei ya mayai hununui. Na hiyo elfu yenyewe, nani kati yenu amewahi kusomewa kwenye mkutano wa kijiji kwamba imetumikaje?

Mimi nasema hivi: halmashauri inayoweza kuweka kizuizi barabarani na kudai ushuru wa mazao hadi usiku haiwezi kushindwa kupika uji wa watoto kijijini msimu wa kilimo, mama zao wakiwa shambani. Uwezo upo. Kinachokosekana ni aibu.

Kwa hiyo diwani akija na hadithi ya magunia tuliyovuna, mwacheni amalize, kisha muulizeni swali moja tu: elfu ya mwanangu iko wapi? Asipojibu, mnajua cha kufanya siku ya kura.

Karibuni tubishane.