Kitabu Kimfuate Msomaji



Katika kila mtaa wa Tanzania wamo watu ambao hawajavuka kizingiti cha nyumba kwa miezi, wengine kwa miaka. Yumo mzee aliyepigwa na kiharusi, upande mmoja ukapooza. Yumo bibi ambaye magoti yamekataa ngazi. Yumo kijana wa kiti cha magurudumu anayeishi mwisho wa uchochoro usiopitika masika yakianza. Yumo pia mtu tunayemsahau kabisa: binti au mke anayewauguza hao, mzima wa viungo, lakini hawezi kumwacha mgonjwa hata kwa saa mbili. Chakula tunawapelekea. Dawa tunawapelekea. Shehe na mchungaji wanawafikia. Kitabu hakuna anayewapelekea.

Naandika kuwaomba tukipeleke.

Wengi wa wazee hao wanajua kusoma, tena walijifunza kwa jasho. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata watu walitoka shambani na viwandani wakaingia darasa la kisomo. Aliyekuwa na miaka 25 wakati ule leo amefika 80. Tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu alikuwa ameshafungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam, na maktaba zikaendelea kufunguliwa mikoani, ili anayejua kusoma asikose cha kusoma. Kizazi kile kilifanya sehemu yake: kiliitwa kujifunza, kikajifunza. Sasa kimezeeka, kimekaa ndani, na vitabu vya umma viko rafuni upande wa pili wa mji vikimsubiri msomaji ambaye hawezi kuja. Hilo ni deni letu kwake.

Najua yupo atakayesema kwamba mgonjwa anahitaji dawa kwanza, hadithi baadaye. Dawa humezwa kwa dakika moja, kisha siku ina saa nyingine nyingi. Redio na televisheni humchagulia mtu cha kusikia na cha kutazama, ilhali kitabu anakichagua mwenyewe, anakisoma kwa mwendo wake, anakifunga akitaka. Kwa mtu ambaye wengine ndio wanaomwamulia ale nini, aoge saa ngapi na alale lini, kuchagua kitabu ni kubaki na uamuzi wake. Na kinapokuja, kinaletwa na mtu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wala hatuombi upendeleo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayolinda haki zao. Tanzania pia imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao unazifungulia njia taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti au za maandishi makubwa bila kwenda kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Mkataba huo haukuwafikiria wasioona peke yao. Unamtaja hata mtu ambaye ulemavu wa mwili unamzuia kushika kitabu au kufunua kurasa. Yule mzee aliyepooza mkono yumo humo.

Kwamba jambo hili linawezekana, majirani zetu wameshaonyesha. Mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia, ikitokea Garissa, ili kuzifikia jamii za wafugaji zinazohamahama. Ikiwa ngamia anaweza kubeba masanduku ya vitabu katika nchi kame isiyo na barabara, bodaboda wa Temeke, Dodoma au Mwanza atashindwa nini? Kule Sweden, maktaba za umma humpelekea kitabu nyumbani, bila malipo, mtu ambaye ugonjwa, uzee au ulemavu unamzuia kufika.

Sasa kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji, pamoja na mabalozi wa nyumba kumi, mnawajua wananchi wenu kwa majina na kwa milango. Andikeni orodha ya wasioweza kutoka, wauguzi wao wakiwemo, kwa ridhaa yao wenyewe. Ulizeni kila mmoja anapenda kusoma nini na macho yake yana nguvu kiasi gani.

Wakutubi, ipokeeni orodha hiyo. Mruhusuni msomaji wa nyumbani ajiandikishe kupitia ndugu au mjumbe wa mtaa atakayemdhamini. Muongezeeni muda wa kukaa na kitabu, na msimtoze faini kwa kuchelewa ambako hakukutokana naye. Mkihofia vitabu kupotea, anzeni na viwili kwa kila nyumba, na vipya vitoke vya zamani vikirudi. Bodi ya Huduma za Maktaba nayo iwape kibali na daftari la kazi hii, isiwaachie kuifanya kwa kuibia muda.

Madereva wa bodaboda, vijiwe vyenu viko kila kona. Kijiwe kimoja kikitoa safari moja kwa wiki kwa zamu, mtaa mzima unafikiwa. Sisi wengine tuchange mafuta, maana si haki mzigo wa wote ubebwe na mfuko wa mmoja.

Wanafunzi na walimu wastaafu, wapo wasioona vizuri ambao kitabu mkononi hakiwatoshi. Kaeni nao nusu saa, muwasomee kwa sauti. Wenye vitabu vilivyolala kabatini, vitoeni, lakini toeni ambavyo nanyi mngependa kupewa.

Katika yote haya tulinde heshima ya msomaji. Mzee akitaka visa vya jasusi Willy Gamba alivyoandika Elvis Musiba, apelekewe hivyo. Tusimlazimishe vitabu vya nasaha kwa kuwa ni mgonjwa. Akitaka Shaaban Robert au Kezilahabi, atafutiwe. Tubishe hodi, tusubiri kukaribishwa. Tusimpige picha kitandani na kuisambaza ili tuonekane wema. Huyo ni mwanachama wa maktaba kama wewe na mimi, anapokea kilicho chake. Na tukiahidi Jumamosi, tufike Jumamosi, kwa sababu anayekaa ndani huhesabu siku.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tusingoje bajeti ya mwaka ujao wala mradi wa wafadhili. Katika mkutano ujao wa mtaa wako, simama uombe jambo hili liingie kwenye ajenda. Nenda maktaba iliyo karibu nawe, muulize mkutubi anahitaji nini ili kuanza. Ongea na kijiwe kimoja. Tuanze na nyumba kumi, mwezi huu. Zikishazoea kupata vitabu, twende kwenye kumi nyingine, hadi wote waliomo kwenye orodha wafikiwe.