Simu ya Kufunika kwa Mtoto wa Madrasa: Tununue au Tusinunue?

 

Wazazi wetu na wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu sisi walimu tumeulizwa suala moja kuliko mengine yote, nalo halikuwa la tajwidi wala la mirathi. Mzazi anasema: mwanangu anatoka madrasa usiku umeshaingia, njia ni ndefu, nataka namna ya kumpata, lakini simu janja siitaki nyumbani kwangu. Je, nimtafutie zile simu za zamani za kufunua na kufunika?

Rai yetu ni kwamba inafaa. Ila tumeona wazazi wakiinunua kwa haraka kama mtu anunuaye dawa bila kuuliza inatibu nini, basi tuzungumze kwa urefu kidogo.

Vijana wetu wa leo hawakuziona simu hizi zilipokuwa na heshima yake. Motorola walitoa StarTAC mwaka 1996, na mwaka 2004 wakatoa Razr V3, nyembamba, ya bati, ambayo mwenye nayo mjini alikuwa anaifunika kwa kishindo ili watu wageuke. Leo zimerudi. Wengine wanazitaka kwa sababu wamechoshwa na mitandao, na hao tunawaombea heri. Wengine wanazitaka kwa fahari ile ile ya zamani, na sasa muuzaji amejua, anaipandishia bei simu ambayo miaka michache nyuma ilikuwa inalala kwenye droo ya fundi. Mzazi asiye na kipato kikubwa asiingie katika mashindano hayo. Lengo ni mtoto apatikane, basi.

Tuanze na mtego wa kwanza, wa zawadi kutoka ng'ambo. Ndugu yuko Marekani, kakuta simu yake ya zamani kabatini, anaituma. Huko mitambo ya zamani imeshazimwa; kampuni ya AT&T ilizima mtandao wa 2G tangu Januari 2017 na wa 3G Februari 2022, kwa hiyo simu hizo kwao zimebaki mapambo. Kwetu Tanzania 2G bado inafanya kazi, na ndiyo maana Razr iliyokufa kule inaweza kufufuka hapa. Lakini si kila moja. Ziko zilizotengenezwa kwa mfumo wa CDMA, hazina hata mahali pa kuweka laini, na hizo usihangaike nazo kwa fundi yeyote. Ziko nyingine zina mahali pa laini lakini zimefungwa kwa mtandao wa huko, mpaka zifunguliwe. Mwambie ndugu yako, kabla hajalipa gharama ya kutuma, afungue mgongo wa simu, atoe betri, aangalie.

Mtego wa pili uko sokoni. Ukienda Kariakoo, simu utakayoonyeshwa inang'aa kama imetoka kiwandani jana, na mara nyingi kilicho kipya ni kava tu. Ndani ni mashine ya miaka ishirini. Ifunue na uifunike mara kumi hapo hapo dukani, maana kwenye bawaba unapita utepe mwembamba unaounganisha kioo na sehemu ya chini, na utepe huo ukichoka kioo kinapiga mistari au kinazima ukifunua sana. Tazama betri, ikiwa imevimba, hata kidogo, iache. Weka laini yako, piga, ongea, sikiliza upande wa pili wanakusikia vipi. Kisha uliza chaji yake inapatikana wapi, kwa sababu Razr V3 inatumia tundu la zamani ambalo waya za nyumbani kwako haziingii.

Halafu bonyeza *#06#, itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na utajibiwa ni simu ya kampuni gani na aina gani. Jibu likitaja aina nyingine kabisa na uliyoishika mkononi, rudisha mezani. Hatusemi haya kwa hofu tupu. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizifungia simu bandia nchi nzima, na watu waliamka asubuhi simu zao haziiti. Na ikiwa bei ni ndogo mno, muuzaji hana duka, hana risiti, anaangalia huku na huku, hapo suala si la ubora tena. Mali ya wizi haihalaliki kwa sababu wewe umeilipia.

Wanafunzi wa darasa la fiqhi watakumbuka mlango wa khiyari. Mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua, akafichwa, ana haki ya kurudisha. Maandishi ya kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayamsafishi muuzaji aliyeijua kasoro akainyamazia. Tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta chini kumelowa, naye akamkemea mwenye mali kwa kuficha kilicholowa. Utepe uliochoka ndani ya kava jipya ndio nafaka iliyolowa ya zama hizi. Lakini mnunuzi naye ana wajibu: katika madhehebu yetu ya Shafi, ukiigundua kasoro unarudisha upesi. Usikae nayo wiki mbili ukipigia watu, ndipo uende kugombana.

Wapo watakaosema, kwa nini tujitaabishe na vikuukuu wakati mpya zipo? Wana hoja. Nokia 2660 Flip ilitoka mwaka 2022, ina 4G, betri yake inatoka, na ina kitufe cha dharura. Kwa mtoto anayetembea peke yake, sisi tungechagua ya namna hiyo kabla ya Razr. Tahadhari moja: kufunika si kinga ya intaneti. Nokia 2720 Flip ya mwaka 2019 iliuzwa ikiwa na WhatsApp, Facebook na YouTube ndani yake. WhatsApp imeshaondoka kwenye simu za mfumo huo wa KaiOS mwaka 2025, lakini mzazi aliyeinunua akidhani mwanawe hana mtandao alikuwa anajidanganya. Hata hiyo V3 ina kamera. Soma ndani ya simu kabla hujamkabidhi mtoto, na ukikuta picha au ujumbe wa mwenyewe wa kwanza, futa bila kuangalia. Ni siri ya mtu.

Laini nayo. Kitambulisho cha Taifa hupewa aliyetimiza miaka 18, hivyo laini ya mwanao itakuwa kwa jina lako. Kila kitakachofanywa na laini hiyo kitasomeka kwako. M-Pesa inafanya kazi kwenye simu hizi kwa *150*00# bila bando lolote, na matapeli wa "tuma kwenye namba hii" nao wanajua. Mfundishe mtoto kwamba namba ya siri haisemwi kwa yeyote, awe amejitambulisha kama mwalimu wake.

Kuna wanafunzi waliotuambia kwamba bila simu janja hawatasikiliza kisomo cha Sheikh al-Husary usiku. Tumelifurahia ombi, ila jawabu lipo. Simu nyingi za vitufe zinacheza sauti kutoka kadi ndogo. Za zamani hazisomi kadi inayozidi GB 2, na V3 ya mwanzo haina nafasi ya kadi kabisa. Mia moja na kumi na nne zote huenda zisienee kwa sauti ya ubora wa juu, lakini Juzuu Amma inaenea na nafasi inabaki. Ila aya zisiwekwe kuwa mlio wa simu. Ukifunua kupokea, aya inakatika katikati ya neno, na simu hiyo hiyo umeingia nayo chooni.

Sisi wenyewe hatukukubaliana kwa yote. Baadhi ya walimu wanaona mtoto chini ya miaka kumi na miwili asipewe simu ya aina yoyote, atembee na mwenzake au afuatwe. Wengine wanasema hali za wazazi si sawa, mama anayefunga genge saa mbili usiku atamfuata vipi? Tulipokubaliana ni hapa: kuanzia Shawwal, mwanafunzi mwenye simu ataikabidhi ofisini anapoingia, ikiwa imezimwa, na ataichukua anapotoka. Mzazi atuandikie kwenye daftari aina ya simu na namba ya laini, na aandike pia jina la mtu wa pili wa kupigiwa endapo yeye hapatikani.