Safari ya Taveta

Ndugu wanachama, katika mazungumzo ya matawi limezuka neno kwamba safari ya pamoja ya kwenda Tanga, Moshi na Taveta, kutazama viwanja vya vita vya 1914 hadi 1918, ni anasa, na kwamba fedha za chama hazikuchangwa kwa ajili ya matembezi. Neno hilo si la kudharauliwa, maana alisemaye ni mtu atoaye mchango wake kwa jasho la karafuu. Hata hivyo twaona safari iwepo, ila isiwe mfano wa zile zifanywazo na wengi.

Katika hizo, watu huteremshwa penye kilima cha Salaita, wakaelezwa jinsi wazungu wa Afrika Kusini walivyokishambulia tarehe 12 Februari 1916 wakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. (Waliowakinga wasiangamie walikuwa Mabulushi, ambao wazungu hao walikuwa wakiwabeza.) Tanga nako husimuliwa habari za nyuki na majeshi ya Bara Hindi yaliyoshindwa Novemba 1914, watu wakacheka. Kisha hupigwa picha makaburini.

Majemadari twawajua kwa majina: Aitken, Smuts, Lettow-Vorbeck. Mpagazi je, aliyebeba unga na risasi kichwani, akafa kwa homa na kuhara porini? Jina la kikosi chake limebaki Kariakoo, sokoni. Lake yeye halipo. Mwaka 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Zanzibar nayo ilitoa wapagazi. Basi ni nani aliyepita Makunduchi au Micheweni kuuliza ni babu wa nani aliyekwenda asirudi?

Tena uko mpaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana, Sayyid Barghash akaachiwa pwani ya upana wa maili 10, na bara ikakatwa kwa mstari utokao mlango wa mto Umba hadi ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kaskazini, ukaelekea ziwa la Nyanza. Barghash aliletewa jambo lililokwisha, akatakiwa kukubali. Wadigo, Wataveta na Wamasai hawakuletewa lolote. Miaka 28 baadaye watu wa pande mbili za mstari huo walitiwa vitani, huyu kwa bendera hii na yule kwa ile, juu ya ugomvi usiowahusu. Sisi tujuao uchungu wa mambo yetu kukatwa mbali nasi, twapaswa kukaa na watu hao na kuwasikiliza. Siku nzima sokoni Taveta, miongoni mwa wavukao mpaka kwa ndizi na nguo, itatufaa zaidi ya saa mbili penye mawe ya makaburi.

Kwa hiyo twapendekeza kila tawi litakalotaka nafasi kwanza lipite kwa wazee wake, likusanye majina ya wapagazi wanaokumbukwa katika mitaa yake, na liyapeleke ofisini kwa maandishi. Tawi lisilo na majina lisubiri safari ya pili.