DAMU YETU, MASWALI YA WENGINE

Msomaji, umewahi kwenda zahanati na homa yako ukakutana na kijana mwenye koti jeupe na fomu mkononi? Anakuomba kwa adabu utoe damu kidogo, eti ni ya utafiti. Anakuuliza unalala ndani ya chandarua au huna. Unajibu, unasaini, unaondoka zako. Je, ulimwuliza: ndugu yangu, utafiti huu ni wa nani?

Mara nyingi hata yeye ni kibarua tu. Swali limetungwa mbali na fedha zimetoka mbali. Cha kwetu ni damu, na soli za viatu vya kijana anayezunguka na fomu.

Hatusemi wageni ni wabaya. Maabara ya Ifakara ilianzishwa na Waswisi mwaka 1957, na leo ni taasisi yetu inayoheshimika duniani kwa utafiti wa malaria. Lakini wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na miradi mingi ya afya katika Afrika ikasimama ghafla. Mwenye fedha alifunga mkoba, na maswali yakafungwa naye.

Wakubwa watakwambia mwanafunzi hana uwezo wa kutafiti, asubiri kwanza awe profesa. Huo ni uongo. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, mwenye umri wa miaka 21, alichungulia kongosho kwa hadubini akaona vikundi vya chembe ambavyo havikuwa vimeelezwa na mtu kabla yake. Mwaka 1921 mjini Toronto, Charles Best, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza, alimsaidia Dk. Frederick Banting kupata insulini. Dawa hiyo hutengenezwa mwilini na vikundi vilevile alivyoviona Langerhans. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga sindano leo pale Temeke anaishi kwa jasho la vijana hao wawili.

Unataka wa kwetu? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya yaliyopoa. Alipouliza, alichekwa. Hakunyamaza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, naye akajaribu badala ya kucheka. Mwaka 1969 walichapisha pamoja, na wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Hiyo ilikuwa fizikia, lakini somo ni lilelile. Kijana hakukosa akili, alikosa mtu wa kumsikiliza.

Leo mwanafunzi wa Muhimbili, Bugando au KCMC anapotaka kutafiti, fedha anapata wapi? Bodi ya Mikopo ina fungu la utafiti. Lakini ni mkopo! Maana yake mtoto wa mlalahoi anakopa ili aitafitie nchi, kisha akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kulirudisha deni. Wakati huohuo fedha za semina, warsha na posho za vikao hazikopwi na mtu. Haingii akilini.

Viongozi wa Afrika waliahidi mjini Khartoum mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Ni shilingi moja katika kila mia. Ahadi hiyo haijatimizwa. Tunayo COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na upo mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi. Sisi tunasema mfuko huo uwe na fungu la wanafunzi wa afya wa shahada ya kwanza, wauguzi na wafamasia wakiwemo, wasiachiwe madaktari peke yao. Liwe ruzuku, si mkopo. Na majina ya waliopewa yabandikwe hadharani, tusije tukasikia ni watoto wa vigogo watupu.

Wewe uliye kijiweni utasema hayo ni ya wasomi. La hasha! Nani atauliza kwa nini kijana wa bodaboda akivunjika mguu anapelekwa kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa, na hospitali anafika mguu umeoza? Nani atauliza kwa nini wanaume tunasubiri hadi tubebwe ndipo tupimwe? Mtu aliye maelfu ya maili kutoka hapa hawezi kuliona swali la Manzese. Mtoto wa Manzese analiona kila asubuhi.

Kwa hiyo kama una mdogo wako chuoni, mwambie aulize, hata akichekwa. Kama mbunge wako anakuja kuomba kura, mwulize ile shilingi moja katika mia iko wapi. Na siku ukikutana tena na kijana wa fomu, kumbuka una haki ya kuelezwa kabla ya kusaini, una haki ya kukataa, na una haki ya kujitoa hata baada ya kukubali. Usimkatalie kwa chuki. Mwulize tu majibu yatarudi lini mtaani.

Damu tumeshatoa ya kutosha. Sasa tunataka na maswali yawe yetu.